Watoto wa Amiri wa Mbu

Yapata mwaka 1500, katika kasri la Alhambra mjini Granada, kusini mwa Hispania, walikuwako ndugu wawili waliokuwa wakimhudumia Malkia Isabella. Mkubwa, Diego, alikuwa ameshakuwa kijana wa kuota ndevu. Mdogo, Hernando, alikuwa bado mtoto wa miaka kumi na moja au kumi na miwili. Siku moja watu zaidi ya hamsini waliorudi kutoka visiwa vya ng'ambo walinunua zabibu, wakaketi uani mwa kasri, wakawa wanakula huku wakipiga kelele kwamba hawajalipwa mishahara yao. Kila ndugu wale wawili walipopita, watu wale waliwafuata kwa maneno makali, wakisema hao ndio watoto wa Amiri wa Mbu, na kwamba nchi alizozipata baba yao si kitu ila mitego na makaburi ya waungwana. Ikabidi ndugu wale wajifunze kupita njia nyingine.

Baba yao alikuwa Christopher Columbus. Habari hii tunayo kwa sababu Hernando mwenyewe aliiandika alipokuwa mtu mzima. Miaka mingi ilikuwa imepita, baba amekufa, na wengi wa wale walaji zabibu bila shaka wamekufa pia, lakini zile zabibu hakuzisahau.

Nilifundisha historia katika shule za sekondari kwa muda mrefu, na kila mwaka nilifika kwenye sura ya safari za Wazungu. Wanafunzi waliandika madaftarini: 1492 Columbus, 1498 Vasco da Gama, nguzo ya Malindi, Kilwa, Mombasa. Sikupata kuulizwa hata mara moja kama watu hao walikuwa na watoto. Mimi mwenyewe swali hilo lilinijia baada ya kustaafu, nilipokuwa nikisoma habari za Hernando kwa sababu nitakayoieleza baadaye. Kwa sasa itoshe kusema kwamba baba yangu alikuwa nahodha wa jahazi, na kwamba mpaka leo, mzee mwenye mvi, nikipita bandarini Tanga wako watu wasiolijua jina langu. Wananiita mtoto wa nahodha. Sithubutu kumlinganisha baba yangu na Columbus, kwani alipita njia zilizopitwa na babu zetu tangu zamani na hakudai kuvumbua kitu. Lakini mtoto anayebaki pwani akingoja tanga litokee haulizi kama baba yake yumo vitabuni.

Hernando alizaliwa Cordoba mwezi Agosti 1488. Mama yake, Beatriz Enríquez de Arana, alikuwa yatima wa ukoo usio na jina, na Columbus hakumwoa. Diego alikuwa mtoto wa ndoa, aliyezaliwa Ureno na mama mwingine aliyekwisha kufa. Wakati huo Columbus bado alikuwa mtu wa kubisha milango ya wakubwa akiomba merikebu. Alipokubaliwa na kuondoka mwezi Agosti 1492, Hernando alikuwa anatimiza miaka minne. Alirudi mwezi Machi uliofuata akiwa mtu mashuhuri kuliko wote katika Hispania, na mwezi Septemba 1493 aliondoka tena, safari hii na merikebu kumi na saba. Hernando anaandika kwamba siku ile pale Cádiz, kabla ya jua kuchomoza, yeye na kaka yake walikuwapo nanga zikivutwa. Alikuwa na miaka mitano. Hasemi kama alilia.

Nilichukua karatasi nikapiga hesabu. Tangu Agosti 1492 mpaka Novemba 1500 ni miaka minane na miezi mitatu. Katika muda huo Columbus alikuwa safarini au visiwani karibu miaka sita. Watoto walihamishiwa kwenye nyumba ya kifalme, wakamhudumia kwanza mwana wa mfalme, Juan, na alipofariki mwaka 1497 wakachukuliwa na Malkia. Kwa hiyo Hernando alilelewa na habari. Meli ikifika, watu wanasema baba yako amepata dhahabu. Nyingine ikifika, wanasema amewanyonga Wahispania, hana haki, ni mgeni mwenye kiburi. Na mengi ya maneno hayo hayakuwa uongo, maana Columbus alijua bahari kuliko alivyojua kutawala watu. Wenyeji wa kisiwa cha Hispaniola alikuwa amewatoza kodi ya dhahabu wasiyoweza kuipata, na mwaka 1495 watu wake waliwapakia mateka wapatao mia tano kwenda kuuzwa Hispania. Wapatao mia mbili walikufa njiani wakatupwa baharini. Sisi wa pwani hii tulioona masoko ya watumwa hatuhitaji kuelezwa hilo ni jambo gani.

Mwishoni mwa mwaka 1500 baba alirudi akiwa amefungwa minyororo. Francisco de Bobadilla, aliyetumwa kuchunguza malalamiko, alikuwa amemkamata na kumpakia melini kama mhalifu. Mfalme na Malkia waliamuru afunguliwe, lakini ile minyororo hakuitupa. Hernando anasema aliiona daima chumbani mwa baba yake, na kwamba baba alitaka azikwe nayo. Mimi husimama hapo kila ninaposoma. Kuna watoto wanaokua huku wakiona ukutani picha ya baba yao amevaa nishani. Huyu alikua akiona pingu.

Sasa tuje kwenye safari ya nne, kwa kuwa huko ndiko kijana huyu alikomfahamu baba yake. Mwezi Mei 1502 Columbus aliondoka Cádiz na merikebu nne na watu wapatao 140, wengi wao vijana wadogo, akamchukua Hernando, ambaye alikuwa na miaka kumi na mitatu. Diego alibaki kasrini kulinda maslahi ya nyumba. Kusudi la safari ilikuwa kutafuta mlango wa bahari wa kupenya kuelekea Bahari ya Hindi, maana Columbus bado aliamini nchi alizofika ni ukingo wa Asia. Na hapa, msomaji, ndipo habari hii inapogusa kwetu. Vasco da Gama alikuwa ameshafika India kwa kupita Malindi, na mwaka huohuo wa 1502 alikuwa baharini tena. Wafalme wa Hispania walimpa Columbus barua ya kumtambulisha kwa Gama, endapo wawili hao, mmoja akitokea magharibi na mwingine mashariki, wangekutana njiani.

Mwezi Julai 1502, barua ile ikiwa melini pamoja na mtoto, Gama alikuwa Kilwa, mizinga yake imeuelekea mji, akimlazimisha mtawala, Amir Ibrahim, kulipa kodi ya dhahabu kwa mfalme wa Ureno. Nimefundisha habari ya kodi ile mara nyingi, na sikujua kwamba wakati uleule, upande wa pili wa dunia, kijana wa miaka kumi na mitatu alikuwa akipelekwa kutafuta njia ya kufikia bahari yetu. Bara zima lilikuwa katikati, na bahari nyingine kubwa nyuma yake. Barua ile haikumfikia mwenyewe.

Safari ilianza kwa tufani. Mwishoni mwa Juni walifika Santo Domingo, Columbus akaomba ruhusa ya kuingia bandarini kwa kuwa aliona dalili za kimbunga. Gavana mpya, Nicolás de Ovando, akamkatalia, na msafara wa meli zipatazo thelathini uliokuwa tayari kuondoka kwenda Hispania haukusikiliza onyo lake. Zaidi ya ishirini zilizama, na Bobadilla, yule aliyemfunga pingu, alikuwa ndani ya mojawapo. Merikebu nne za Columbus zilipona zote. Hernando anaona mkono wa Mungu katika jambo hilo, lakini anaongeza kwa uaminifu kwamba maadui walisema baba yake aliileta tufani kwa uchawi. Mtoto aliyetukanwa uani sasa alikuwa na baba ambaye watu walinong'ona kuwa anaamuru pepo.

Kwenye kisiwa cha Guanaja, karibu na Honduras ya leo, waliukuta mtumbwi mkubwa uliochongwa kwa gogo moja, mrefu kama merikebu, una kibanda cha majani ya mti wa jamii ya mnazi katikati cha kuzuia mvua na mawimbi. Makuti, ningesema mimi. Ulikuwa na wapiga makasia ishirini na watano, wanawake na watoto, nguo za pamba zilizotariziwa, mashoka ya shaba, na punje fulani ambazo wenyeji walizithamini mno: moja ikianguka, wote waliinama kuiokota kana kwamba ni jicho limewadondoka. Zilikuwa kakao, na kwao zilikuwa fedha. Hernando aliwatazama wanawake wakijifunika nyuso kwa staha, akakumbuka wanawake wa Kiislamu wa Granada. Ninaupenda ukurasa huo kuliko yote. Baba alikuwa anatafuta mlango wa bahari, akaupita mtumbwi ule kama mtu anayepita duka akikimbilia benki. Mtoto ndiye aliyeuona.

Baada ya hapo ilikuwa taabu juu ya taabu. Mvua na pepo za kinyume ziliwasumbua miezi kadhaa pwani ya Amerika ya Kati. Nguzo ya maji ilinyanyuka baharini mpaka mawinguni, mabaharia wakasoma Injili ya Yohana ili isiwapate. Chakula kilioza. Anasema aliwaona watu wakingoja giza liingie ndipo wale uji wa biskuti, wasije wakaona funza waliomo. Waliwavua papa, na tumboni mwa mmoja wakamkuta kasa mzima, yu hai, ambaye baadaye aliishi melini. Baba mwenyewe alikuwa mgonjwa kiasi cha kutengenezewa kijumba sitahani ili aamrishe akiwa amelala. Katika barua aliyowaandikia wafalme kutoka Jamaica, Columbus alisema kilichomuumiza roho zaidi ni kumwona mwanawe mdogo katika mateso yale kwa muda mrefu, lakini kijana alifanya kazi kama baharia wa miaka themanini, na yeye ndiye aliyewatia wengine moyo. Sijui mtoto gani asingetoa miaka miwili na nusu ya maisha yake ili baba aandike hivyo juu yake. Wala sikumbuki baba yangu kunisifu mbele ya watu, ingawa mama alidai kwamba hunisifu akiwa Rufiji anapakia boriti.

Merikebu ziliharibiwa na wadudu wa baharini watoboao mbao. Mtu yeyote aliyekulia karibu na majahazi anawajua. Ndiyo maana kwetu chombo hupandishwa pwani maji yakipwa, kikachomwa chini kwa makuti, kikapakwa chokaa iliyochanganywa na shahamu, tena kwa zamu, bila kuchoka. Baba yangu hakuruhusu jahazi kupitisha wakati wake hata siku kumi. Columbus hakupata nafasi ya kufanya hivyo ipasavyo. Merikebu mbili zilitelekezwa huko Veragua na jirani yake, na mbili zilizobaki, zimetobolewa kama chujio, alizipandisha ufukweni Jamaica mwezi Juni 1503. Wakakaa pale mwaka mzima, wakiishi ndani ya meli zilizokaa mchangani. Diego Méndez alivuka kwa mtumbwi wa wenyeji mpaka Hispaniola kuomba msaada. Mtu huyo alijivunia safari ile kiasi kwamba katika wosia wake wa mwaka 1536 aliagiza kaburi lake lichorwe mtumbwi. Lakini Ovando hakufanya haraka, na mwezi Januari 1504 karibu nusu ya mabaharia waliasi.

Ni hapo Jamaica ndipo lilipotokea lile jambo linalosimuliwa sana. Wenyeji walikuwa wamechoka kuwalisha wageni wasioondoka. Columbus aliangalia majedwali yake ya nyota, akaona kwamba usiku wa tarehe 29 Februari 1504 mwezi utapatwa. Akawaita wakubwa wao, akawaambia Mungu wake amekasirika na ataonyesha ghadhabu yake angani. Mwezi ulipoanza kuwa mwekundu watu wakaja wakilia na kuleta vyakula, naye akajifungia chumbani mpaka alipojua kwamba kivuli kinakaribia kuondoka, akatoka akasema wamesamehewa. Hernando anaisimulia kwa fahari, kama ushahidi wa akili ya baba. Nami sikatai kwamba watu walikuwa na njaa. Lakini ninamfikiria kijana wa miaka kumi na mitano amesimama sitahani, anajua siri ya kitabu kilichomo chumbani, na anawaona watu wazima wenye watoto wao wakimlilia baba yake. Alijifunza usiku ule kitabu kinaweza kumfanyia mtu nini. Kama ninakosea katika dhana hiyo, maisha yake ya baadaye yananisaidia.

Walirudi Hispania Novemba 1504. Malkia Isabella akafa mwezi huohuo, na Columbus akafuata tarehe 20 Mei 1506 mjini Valladolid, akiwa bado anadai haki zake. Aliwaachia wanawe kesi. Maana mkataba wa mwaka 1492 ulimwahidi yeye na warithi wake cheo cha amiri, utawala, na fungu la kumi la mali ya nchi zote alizozipata, na hakuna mfalme ambaye angekubali kulipa deni kama hilo nchi zilipoonekana kuwa kubwa namna ile. Mashauri yalianza mwaka 1508 na hayakupata suluhu kubwa mpaka 1536. Mashahidi waliitwa kusema kwamba Columbus hakuvumbua kitu, kwamba wengine ndio waliomwonyesha njia.

Diego alirithi cheo. Mwaka 1509 alikwenda Hispaniola kuwa gavana, akajenga jumba ambalo bado lipo Santo Domingo, akawa na shamba la miwa lililolimwa na watumwa Waafrika. Krismasi ya mwaka 1521 watumwa hao, wengi wao Wawolofu kutoka Afrika Magharibi, waliasi katika shamba hilohilo. Ni uasi wa mwanzo kabisa wa Waafrika katika Amerika ambao habari zake zimehifadhiwa vizuri. Ulizimwa kwa ukatili, na sheria kali zikatungwa siku chache baadaye. Huo nao ni urithi wa mvumbuzi, na ulimfikia mwanawe ukiwa na mapanga mkononi.

Hernando hakurithi cheo. Wahenga walisema mwana wa mhunzi asiposana huvukuta, naye alivukuta. Alikuwa mtaalamu wa ramani, akashiriki mwaka 1524 katika mkutano wa Hispania na Ureno wa kugombania visiwa vya karafuu vya Maluku. Lakini kazi iliyomla maisha ilikuwa ya vitabu. Alizunguka Ulaya, Italia, Ujerumani, Uholanzi, Uingereza, akinunua kila kilichochapwa, si vya wanazuoni tu bali hata vijikaratasi vya nyimbo vilivyouzwa sokoni ambavyo wakubwa wengine walividharau. Katika kila kitabu aliandika alikinunua mji gani, tarehe gani, kwa bei gani, na fedha ile ilikuwa sawa na kiasi gani cha dhahabu siku hiyo. Mabaharia wataitambua tabia hiyo mara moja: ni daftari la safari. Vitabu zaidi ya 1,600 alivyovinunua Venice vilizama baharini mwaka 1522, naye akayahifadhi majina yao katika orodha ya pekee, kama watu wanavyoandika majina ya waliokufa maji. Alipofariki tarehe 12 Julai 1539 alikuwa na vitabu zaidi ya 15,000 katika nyumba yake kando ya mto Guadalquivir huko Seville, na miti ya ng'ambo bustanini. Hakuacha mtoto.

Humo mlikuwamo vitabu vya baba yake, vyenye maandishi ya mkono wa Columbus pembeni. Na katika nakala yake ya tamthilia za Seneca, Mrumi wa kale, pale panapotabiriwa kwamba bahari itafungua nchi mpya, Hernando ameandika pembeni kwamba utabiri huu ulitimizwa na baba yake mwaka 1492. Haandiki Columbus peke yake. Anaandika baba yangu.

Kisha, katika miaka yake ya mwisho, aliandika maisha ya baba huyo, nami nakuja sasa kwenye sababu niliyoiahidi. Miaka michache iliyopita wadogo zangu waliniomba, kwa kuwa mimi ndiye mwalimu, niandike maisha ya marehemu baba yetu, tukachape nakala kidogo kwa ajili ya wajukuu. Waliniambia pia, kwa heshima na kwa kuzunguka sana, kwamba si lazima niiguse nyumba ya Lamu. Baba alikuwa na nyumba nyingine Lamu. Sisi tulijua kwa jinsi watoto wanavyojua, kwamba kaskazi likiingia mapema anarudi na ladu na kikapu kisichosukwa mtindo wa kwetu. Huko tuna dada, na dada huyo ana macho ya baba kuliko sisi sote.

Nikataka kuona watoto wa watu wakubwa walifanyaje, ndipo nikamsoma Hernando. Kitabu chake ni cha mtu anayetetea kesi. Askofu mmoja wa Genoa, Agostino Giustiniani, alikuwa amechapisha mwaka 1516 kwamba Columbus alitokana na watu duni. Hernando anamshambulia kwa hasira, anamhesabia uongo mmoja baada ya mwingine. Lakini kumbukumbu za Genoa zinaonyesha kwamba Giustiniani alikuwa na haki katika jambo lile kuu: babu yake Hernando, Domenico Colombo, alikuwa mfuma sufu. Hernando alikuwa amekwenda Italia kutafuta jamaa. Anaeleza kwamba katika kijiji kimoja aliwauliza ndugu wawili wa jina la Colombo, wazee ambao mdogo wao alikuwa amepita miaka mia, hawakuweza kumwambia kitu. Hivyo katika kitabu anataja miji kadhaa ambayo watu wanaisema, kisha anauacha ukungu utande, na anageuza ukungu ule kuwa sifa, kwamba mtu aliyetumwa na Mungu hafai kujulikana alikotoka. Wanazuoni wa Ulaya wamepoteza wino mwingi kwa ajili ya ukungu huo.

Wafumaji wana aibu gani? Hilo halinisumbui sana, ulikuwa ndio ulimwengu wao. Linalonisumbua ni kwamba mama yake hana nafasi katika kitabu kile. Beatriz, aliyemzaa, aliyewalea yeye na Diego Cordoba baba alipokuwa safarini, hayumo. Baba mwenyewe alifanya zaidi, maana siku moja kabla ya kufa alimwagiza Diego amtunze, akisema jambo lake linailemea roho yake na kwamba sababu yake si halali kuiandika pale. Baba aliweza kulisema nusu. Mwana, mwenye vitabu elfu kumi na tano, aliyeandika bei ya kila kijikaratasi, hakulisema. Ninamwelewa. Angemtaja, mahakamani wangesema huyu ni mwana wa haramu, na neno lake juu ya Amiri halina uzito. Alimlinda baba, naye mama akawa gharama yake.

Basi mimi nimeandika nyumba zote mbili, ya Tanga na ya Lamu, na majina ya mama zetu wote wawili, na mwaka aliozaliwa dada. Wadogo zangu wamechukua karatasi kwenda kuzisoma. Bado hawajazirudisha.

Kitabu cha Hernando hakikuchapwa akiwa hai. Vitabu vyake vyote vilimwangukia mpwa wake Luis, mwana wa Diego, ambaye kwa suluhu ya 1536 alipata Jamaica, pesa kila mwaka, na cheo cha Mtawala wa Veragua, ile pwani ambako ami yake alikula funza gizani. Luis hakujali vitabu. Alikuwa mtu wa kuoa mke juu ya mke bila kuachana na wa kwanza, akafungwa kwa ajili hiyo, akafia uhamishoni Oran mwaka 1572. Mswada wa ami yake aliuachia Mgenoa mmoja, ukachapwa Venice mwaka 1571 kwa tafsiri ya Kitaliano. Asili ya Kihispania imepotea. Kwa hiyo kila neno la mwana juu ya baba linatufikia kwa kinywa cha mfasiri, na wako waliotilia shaka kama yote ni yake. Maktaba nayo ilihamishwa mpaka Kanisa Kuu la Seville mwaka 1552, na vilivyosalia humo havifikii elfu tano. Lakini mwaka 2019 wanazuoni waliutambua huko Copenhagen, Denmaki, mmoja wa miswada yake mikubwa, kitabu cha kurasa zipatazo elfu mbili chenye muhtasari wa vitabu alivyokuwa navyo, vingine vikiwa havijulikani tena popote. Kilikuwa kimekaa katika mkusanyiko wa miswada ya Kiaislandi, ambako hakuna aliyefikiri kukitafuta.

Hernando amezikwa katika sakafu ya Kanisa Kuu hilo, na juu ya jiwe lake zimechorwa merikebu. Mifupa ya baba yake, baada ya kuhamishwa Seville, Santo Domingo na Havana, ililetwa katika kanisa hilohilo mwishoni mwa karne ya 19, ingawa Santo Domingo nao wanasema wanayo. Mwaka 2003 wanasayansi wa Chuo Kikuu cha Granada walifungua makaburi yote mawili, wakachukua vipande vya mifupa ya baba na vya mwana ili wavilinganishe, na mwezi Oktoba 2024 wakatangaza kwamba ile ya Seville ni ya Columbus. Swali la mji aliozaliwa walilitangazia jibu pia, katika kipindi cha televisheni, lakini wenzao wengi wanangoja kuona vipimo vyenyewe vikichapishwa.

Hernando hakulijibu swali hilo kwa kalamu yake. Safari hii waliuliza mifupa yake, kwa kuwa ilikuwa na uhakika kuliko ya baba: hakuna aliyewahi kuihamisha.